Saketi ya betri mbili: supapozisheni inanipa wati 3, majibu yanasema 6. Naombeni msaada

dogo_wa_diploma
Habari zenu wakuu, nasoma diploma ya umeme mwaka wa kwanza, testi ni wiki ijayo na kuna swali linanitoa jasho. Betri ya kwanza volti 12 inapitia rezista ya omu 6, ya pili volti 6 inapitia rezista ya omu 3, chanya zao zinakutana juu kwenye nodi moja (sehemu waya zinapoungana), halafu kutoka hapo kuna rezista nyingine ya omu 6 inashuka mpaka hasi ambako betri zote zimeungana. Tumeambiwa tupige supapozisheni, yaani unazima chanzo kimoja unapiga hesabu, unazima kingine unapiga tena, unajumlisha. Nikizima ile ya 6 nodi inapata volti 3, nikizima ya 12 inapata volti 3 tena, kwa hiyo rezista ya kati ni ampia 0.5 mara mbili, jumla 1, hapo tunakubaliana na majibu. Sasa kwenye ile ya omu 3 nina ampia 1 na ampia 1 wao wanasema SIFURI. Na nguvu ya rezista ya kati napata wati 1.5 + 1.5 = 3 wao wanasema 6. Majibu yamekosewa au? Halafu huko kuzima betri, maabara unafanyaje, unaipiga shoti?

Fundi Waya
Dogo USIPIGE BETRI SHOTI tafadhali!! Betri ya gari ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampia, waya unakuwa mwekundu na vidole vinaondoka nao. Unaitoa betri kabisa kwenye saketi, halafu pale ilipokuwa ndo unaunganisha waya. Shoti ni ya ile nafasi, betri yenyewe iko pembeni imepumzika. Kama swali limetoa ukinzani wa ndani wa betri huo unaubakisha, usiuzime nao.

nodi_moja
Majibu yako sahihi mkuu, wewe umesahau mishale. Betri ya 12 ikiwa peke yake, ampia 1 inatoka kwenye nodi inashuka kupitia omu 3. Betri ya 6 ikiwa peke yake, ampia 1 inapanda kupitia omu 3 hiyohiyo kuelekea kwenye nodi. Moja inashuka moja inapanda, zinafutana. Chora mshale mmoja mwanzoni kabisa, amua huu ndo chanya, na usiugeuze mpaka umalize swali.

Bi Volti
Naongezea la nguvu maana hapo ndo wengi wanaanguka. Supapozisheni inakubali volti na mkondo tu, nguvu haikubali, sababu nguvu ni mkondo kipeo cha pili mara ukinzani. Jumlisha mkondo kwanza, 0.5 + 0.5 = 1, halafu 1 × 1 × 6 = wati 6. Ukikumbuka aljebra ya sekondari, (a+b) kipeo cha pili kuna ile 2ab katikati, wewe umeiacha: 2 × 0.5 × 0.5 × 6 = 3, na hizo ndo wati zako 3 zilizopotea.

kizito_254
Boss kwani lazima supapozisheni? Kirchhoff kwa nodi (mkondo unaoingia ni sawa na unaotoka) mstari mmoja tu: (12−V)/6 + (6−V)/3 = V/6, V = 6, kwisha. Nodi ina volti 6 na betri ya pili ni volti 6, mkondo utapita wapi sasa.

Bi Volti
@kizito_254 ni kweli na ni fupi ila swali likisema "kwa kutumia supapozisheni" ukileta nodi marks zinaenda. Atumie nodi kuhakiki jibu lake pembeni.

dogo_wa_diploma
Aisee asanteni sana, mishale ndo ilikuwa inaniua. La mwisho, nikikuta chanzo cha mkondo (kinachotoa ampia zilezile muda wote) badala ya betri? Na kuna swali lina LED (kile kitaa kidogo cha diodi) pale kati.

nodi_moja
Chanzo cha mkondo kukizima unakiacha wazi, unakata njia, huweki waya. Ila kile chanzo kinachotegemea volti au mkondo wa sehemu nyingine ya saketi usikizime, kinabaki kwenye kila hatua. LED sahau supapozisheni, mkondo wake hauendi sambamba na volti, betri moja peke yake inaweza isiiwashe kabisa wakati zote mbili zinaiwasha, utajumlisha nini hapo?