Elysion inatetemeka kwenye lami: nianze na oili ya giaboksi au nizime mfumo wa silinda?

Mwana Raskazone
Habari za jioni wakuu. Nina Honda Elysion, niko Tanga mjini. Gari halina shida ya kuwaka wala kuchemsha, ila nikishatoka Kange kuelekea Segera na kushika mwendo wa kawaida, linaanza mtetemo kama linapita juu ya rasta wakati lami ni nyororo kabisa. Nikikanyaga mafuta zaidi mtetemo unakata, nikiachia mguu unarudi. Fundi wangu kasema nimwage oili ya giaboksi. Jamaa mwingine kanichanganya: anadai Honda hizi huwa zinazima silinda zenyewe, na kuna kifaa kidogo cha kufunga kwenye sensa kinachokomesha huo mchezo. Pesa niliyonayo inatosha kimoja kwa sasa. Nianze na kipi? Natanguliza shukrani.

Mdigo Halisi
Nimeweka kiti hapa, nasubiri wajuzi.

Fundi Makorora
Mkuu, umeandika mengi ila ya muhimu umeyaruka. Elysion ya ngapi, 2.4 au 3.0? Kama ni 2.4, hiyo ni silinda nne na haina mfumo wowote wa kuzima silinda, huyo jamaa atakuuzia hewa. Soma kibati cha chesesi: RR1 na RR2 ni 2.4, RR3 na RR4 ni 3.0. Imetembea kilomita ngapi? Oili ya gia ilimwagwa lini na ikawekwa ipi? Mtetemo unakuja kwenye spidi ngapi? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Mama Zawadi
Uza hiyo Honda kabla haijakumaliza. Chukua Noah. Spea hadi Muheza unazipata, na fundi yeyote anaifungua usiku kwa tochi ya simu. Honda ukiharibikiwa Hale unalala Hale.

Mwana Raskazone
Mama Zawadi shikamoo, ila kuuza sijafikia huko.
Fundi, kibati kinasema RR3, ya mwaka 2006. Geji ya kilomita inasoma 148,000, kama haikurudishwa nyuma. Oili ya gia sijui. Aliyeniuzia alisema "kila kitu kimebadilishwa". Mtetemo unakuja kati ya 60 na 90 hivi. Mjini siusikii.

Fundi Makorora
"Kila kitu kimebadilishwa" maana yake hakuna kilichobadilishwa. Fungua boliti ya chini ya giaboksi. Kichwa chake kina tundu la mraba, racheti inaingia moja kwa moja bila soketi. Kwenye ncha kuna sumaku. Ukikuta tope laini la kijivu, hiyo ni kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, usinunue oili, anza kuweka akiba ya giaboksi. Ipake oili yenyewe kwenye karatasi nyeupe na uinuse. Nyekundu au ya kahawia kidogo, sawa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, lete picha hapa.

Sahare Kwetu
Ni V6 basi, yaani silinda sita, jamaa yake hakukosea. Hiyo 3.0 ina VCM, ndio huo mfumo wa kuzima silinda. Ukiwa unateleza na mguu mwepesi, kompyuta inafunga valvu za silinda tatu za nyuma, zile za upande wa dashibodi, na kuzikatia petroli. Unabaki unatembelea silinda tatu za mbele. Honda walipouleta mfumo huu kwenye Inspire ya 2003 walijua utatetemesha gari, ndiyo maana waliweka mauntingi (zile zinazoshikilia injini) maalumu zinazosukumwa na kompyuta kupingana na mtetemo, na ndani wakaweka spika za kufuta mngurumo. Gari likiwa jipya husikii kitu. Mauntingi zikishazeeka, kila silinda zikizimwa unasikia mgongoni.

Halafu fikiria barabara yetu yenyewe. Kibao cha 50, unatoka kijijini unapanda 80, mbele tena 50, na tochi ya kupima spidi imejibanza nyuma ya mkorosho. Mguu unakanyaga, unaachia, unakanyaga. VCM inaingia na kutoka njia nzima hadi Segera. Nikiwa wewe nafunga kifaa.

Mdigo Halisi
Tochi siku hizi haipo nyuma ya mkorosho, ipo mkononi barabarani na askari anatabasamu.

Fundi Makorora
Sahare, maelezo yako ya VCM ni sahihi, hukumu umeiwahisha. Kuna kitu kingine kinachofanya vilevile kabisa. Ndani ya konveta, pale injini inapokutana na giaboksi, kuna klachi ndogo inayofunga gari likishika mwendo ili nguvu isipotee kwenye oili. Oili ikichoka, ile klachi haishiki vizuri: inashika, inateleza, inashika. Dereva anasikia rasta. Na yenyewe inakuja hapohapo kwenye 60 hadi 90, mguu ukiwa mwepesi. Ukikanyaga sana inaachia, mtetemo unakata. Umeona zinavyofanana?

Mwana Raskazone, jaribu hivi. Gari likianza kutetemeka, gusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto, taa za nyuma ziwake bila gari kupungua mwendo. Klachi ya konveta inaachia ukigusa breki. Hakikisha hakuna lori nyuma yako.

Sahare Kwetu
Na akiligusa breki kompyuta si inaweza kuzirudisha silinda zote pia? Jaribio lako halitenganishi kitu. Bora ajaribu alfajiri gari likiwa baridi. VCM haiingii mpaka maji yafike kama nyuzi 75. Likitetemeka kabla geji haijapanda, basi si VCM.

Fundi Makorora
Na klachi ya konveta nayo haipendi kufunga oili ikiwa baridi. Kwa hiyo lisipotetemeka alfajiri bado hatujui. Tumerudi palepale.

Mdigo Halisi
Kwa hiyo mafundi wawili, majaribio mawili, jibu hakuna. Tanga raha.

Msambaa wa Soni
Mimi nasema kitu kimoja: ukiamua kubadili oili, usiguse mashine ya kuflashi. Kaeni niwasimulie.

Nilikuwa na Honda yenye giaboksi ya gia tano kama hiyo. Ilikuwa inachelewa kidogo kuingiza gia ya pili asubuhi, basi, hakuna lingine. Nikaenda Dar, nikapelekwa gereji moja safi, sakafu ya vigae, vijana wamevaa ovaroli zinazofanana. Wakaniambia ukimwaga kwa boliti inatoka nusu tu, mashine inasukuma yote. Wakaunganisha mipira kwenye bomba za kupoozea, nikaona kwenye kioo cha mashine oili nyeusi inatoka na nyekundu inaingia. Nikafurahi kama mtoto. Nikauliza ni oili gani, kijana akaniambia "ATF boss, original". Kopo sikuonyeshwa, oili ilikuwa kwenye pipa.

Kurudi nyumbani ilikuwa laini mpaka Mombo. Nikaanza kupanda. Wanaoijua njia ya Mombo kwenda Soni wanaijua: kona juu ya kona, mwamba kushoto, korongo kulia, na nyuma yako Costa linapiga honi. Kwenye kona kali nikakanyaga, injini ikapiga kelele, gari halivuti. Mshale wa mizunguko unapanda, mwendo uleule. Nikaachia, ikashika kwa kishindo. Mbele tena ikateleza. Nikasimama pembeni, nikanusa: kuungua. Nikaipandisha kwa gia ya kwanza hadi nyumbani, abiria wa bodaboda wananipita wananipungia.

Nilipowapigia wakasema giaboksi ilishakufa kabla sijafika kwao. Kwa hiyo niliendesha maiti kutoka Soni hadi Dar? Mwisho nilinunua giaboksi ya mtumba Ilala, na pesa niliyotoa nisingependa mke wangu aisome hapa.

Fundi Makorora
Pole sana kaka. Lakini kuna mambo mawili hapo. Mashine yenyewe si uchawi. Giaboksi iliyochoka inashikilia kwa zile chenga za klachi zinazoelea kwenye oili chafu. Ukisafisha ghafla, udhaifu unatoka nje. La pili ni hilo pipa. Honda haitumii ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ya yeyote. Zamani ilikuwa Z1, baadaye wakaleta DW-1 inayochukua nafasi yake. Mafundi wengi wanaweka ile nyekundu ya kopo wanayowekea hata usukani, wakiona rangi inafanana wanatosheka.

Msambaa wa Soni
Sawa, ila bado siendi tena kwenye mashine.

Fundi Makorora
Hapo tuko pamoja. Kumwaga kwa boliti inatoka kama lita 3, na ndani kuna zaidi ya 7. Ukimwaga mara moja bado zaidi ya nusu ni ya zamani. Unamwaga, unajaza, unaendesha wiki, unarudia, halafu mara ya tatu. Ukimaliza, zaidi ya robo tatu ni mpya na giaboksi haijashtuka. Kwa hiyo ni lita 9 au 10 za DW-1 yenyewe. Kupima dipstiki, Honda wanataka gari liwe limepata moto, lisimame sehemu iliyonyooka, uzime, kisha uchomoe ndani ya sekunde 60 hadi 90. Wengi wanapima injini ikiunguruma kama Toyota, wanajaza vibaya, kisha wanalaumu oili.

Mwana Raskazone
DW-1 yenyewe hapa Tanga nitaipata wapi? Niliyoionyeshwa Ngamiani iko kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Mdigo Halisi
Hiyo usiinunue hata kupaka baiskeli.

Fundi Makorora
Agiza Dar, mtu akuletee kwa basi. Kopo liwe na sili, na ulifungue mwenyewe.

Sahare Kwetu
Wakati mnaagiza oili, niseme kuhusu kifaa. Watu wanadhani ni kompyuta fulani. Ni rezista tu kwenye waya wa sensa ya joto la maji. Kompyuta inasoma joto chini kidogo ya lilivyo, inaamini maji hayajafika zile nyuzi 75, hairuhusu VCM. Kule Marekani wenye Honda Odyssey na Pilot wanafunga sana, na wana sababu: silinda zilizokuwa zinazimwa zilianza kula oili na kuchafua plagi, kesi ikafunguliwa, na mwaka 2013 Honda wakakubali kurefusha dhamana kwa V6 za 2008 hadi 2013, miaka 8. Sasa nani atanirefushia mimi dhamana Sahare?

Fundi Makorora
Hizo ni za Marekani, yeye ana ya Japani ya 2006. Umewahi kuona Elysion imefungwa hicho kitu ikafanya kazi? Na mimi kudanganya sensa ya joto kwenye joto hili la Tanga, hapana. Rezista ikiwa kubwa taa ya injini inawaka na msimbo P0128, ikiwa ndogo VCM inaingia kama kawaida. Na siku rejeta ikivuja, geji inakusomea uongo wakati unaihitaji ikuambie ukweli.

Sahare Kwetu
Sijaona ya Elysion, nakubali. Lakini kanuni ni ileile. Na geji za Honda hata bila kifaa zinakaa katikati muda wote, zinakuja kupanda maji yameshaisha.

Bi Mkubwa wa Pongwe
Wanaume mnabishana rezista wakati hajafungua plagi. Gari la marehemu mume wangu lilikuwa V6, nilikaa gereji siku nzima nikajifunza. Afungue plagi tatu za nyuma, azipange mezani pembeni ya tatu za mbele. Za nyuma zikiwa nyeusi na zina unyevu wa oili, za mbele zikiwa kavu, VCM inamharibia injini. Zikifanana, aache VCM. Na apime oili ya injini, maana valvu zile zinafungwa kwa presha ya oili. Ikipungua mfumo wote unachanganyikiwa. Hilo halina gharama.

Fundi Makorora
Shikamoo Bi Mkubwa. Umesema kweli, ila plagi za nyuma za hiyo V6 ni za kufungulia kwa kuhisi, mkono hauonekani. Fundi atataka hela yake.

Mama Zawadi
Plagi za Noah ziko juu unaziona.

Mdigo Halisi
Mafuta je? Ukizima VCM si linakunywa zaidi? Petroli yenyewe bei mnaijua.

Sahare Kwetu
Linakunywa kidogo zaidi safari ndefu. Mjini tofauti huioni, maana kwenye foleni ya sokoni Ngamiani silinda hazizimwi sana.

Mwana Raskazone
Mrejesho. Leo nimeenda hadi Muheza. Taa ya ECO, ile ya kuonyesha silinda zimezimwa, inawaka na mtetemo unakuja karibu pamoja, ila mara mbili umekuja taa ikiwa imezima. Nimegusa breki, ukakata. Oili ya gia ni ya kahawia iliyokolea, haina harufu kali. Plagi bado.

Fundi Makorora
Umekuja taa ikiwa imezima! Oili.

Sahare Kwetu
Mara mbili tu, na nyingine zote taa imewaka. VCM na mauntingi.

Bi Mkubwa wa Pongwe
Plagi.

Msambaa wa Soni
Chochote utakachofanya, si kwa mashine.

Mama Zawadi
Naomba na mimi kuuliza jamani. Noah yangu ya 2008 siku hizi inalia wiiiii nikiachia mafuta. Hiyo nayo ni oili?

Fundi Makorora
Mama, hiyo ni CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kawaida, inataka oili yake ya CVT. Usikubali akuwekee ATF. Ililetwa na kilomita ngapi?

Mdigo Halisi
Mama Zawadi, si ulituambia fundi yeyote anaifungua usiku kwa tochi ya simu?

Mtaalamu wa Spea
Wakuu nina giaboksi ya Elysion 2.4, safi, imeshuka juzi. Mleta uzi njoo inboksi tuongee.

Mwana Raskazone
Yangu ni 3.0 mkuu.

Mtaalamu wa Spea
Zinaingiliana.

Fundi Makorora
Haziingiliani!