Barabara imesimama kabla ya lami: mwanakandarasi akirudi, kazi inaanzia wapi?

Mkaazi_wa_Bara

Habari zenu wanajukwaa, hasa wahandisi na mafundi wa maabara mlio humu.

Barabara ni ya kilomita 22, upande wa bara wa Pwani ya Kenya, na mpango ni iwe ya lami. Kazi imesimama kwa ajili ya madeni, na sasa imepigwa na misimu miwili ya mvua. Hali ilivyo: kilomita 9 za kwanza zimefika kwenye changarawe iliyochanganywa na saruji, unene mm 150, upana mita 9 pamoja na mabega. Lami haijamwagwa hata tone. Kilomita 6 zinazofuata ni tuta la udongo. Zilizobaki zimefyekwa tu. Zipo kalvati tatu za zege zilizoachwa nusu, nondo zimechomoza juu, na mabomba kadhaa yamelazwa bila kuta za mwisho.

Tunaambiwa malipo yameanza kutoka na mitambo itarudi. Naomba kujua: lami inaweza kumwagwa moja kwa moja juu ya zile kilomita 9? Na kamati ya wananchi idai karatasi gani, ili tusiambiwe "inaendelea" mwaka mwingine mzima?

---

Fundi_Maabara

Jibu la swali la kwanza ni hapana, mpaka ipimwe. Tena isipimwe kwa macho, kwa sababu tabaka la saruji lililoachwa wazi huoza kuanzia juu huku likionekana gumu.

Linaoza namna hii. Saruji ikishika, changarawe inashikana kwa sababu ndani mna chokaa na madini yake. Hewa ina kaboni dayoksaidi, nayo hula chokaa hiyo polepole. Ndiyo maana tabaka likishindiliwa linatakiwa lilindwe lisikauke kwa siku 7, kisha lifunikwe kwa lami nyepesi ya kupenyeza (daraja za MC-30 au MC-70, kiasi cha lita 1 kwa mita ya mraba) na tabaka la juu lifuate upesi. Likiachwa kavu, likilowa, likauke tena kwa miezi, sentimita za juu hugeuka unga. Hapo ukimwaga lami inashika kwenye unga, na gari la kwanza la mchanga linaibandua kama ganda la muhogo.

Vipimo vya kufanya, kwa mpangilio huu:

Kwanza chimba kishimo kidogo kila mita 200, kushoto, katikati na kulia kwa kupokezana. Vunja ukuta wa kishimo hapo hapo, usitumie uso wa zamani, kisha nyunyiza fenolifthaleini, dawa ya maabara inayogeuka waridi ikikuta chokaa ya saruji ambayo haijaliwa. Panapogeuka waridi iliyokolea, saruji bado ina uhai. Pasipobadilika rangi pamekufa. Pima kina cha sehemu iliyokufa kwa rula na uandike.

Pili, DCP, ile fimbo ya chuma yenye ncha ya nyuzi 60 na nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka mm 575. Kila mita 100. Ikizama mm 3 hadi 4 kwa pigo, hapo CBR, yaani kipimo cha uwezo wa tabaka kubeba mzigo, ni kama 80. Ikizama mm 9, umeshuka hadi kama 30, yaani tabaka la msingi limekuwa la daraja la chini. Usipime siku tatu baada ya mvua kisha ulinganishe na vipimo vya kiangazi.

Tatu, fagia kwa fagio la chuma na uangalie kinachotoka. Vikitoka vumbi na kokoto zilizolegea kwa unene wa chini ya mm 20, na chini yake pakawa waridi na DCP inakataa kuzama, unakwangua hiyo ngozi, unafagia, unanyunyizia maji kidogo, unaweka lami ya kupenyeza. Usijaribu kuziba kwa kumwaga changarawe nyembamba juu na kuishindilia: kipande cha mm 20 hakishikani na cha chini, kitatoka kama biskuti. Kasoro ikifika mm 50 na zaidi kwa sehemu ndefu, chimbua mm 150 zote, ongeza changarawe mpya, weka saruji upya.

Kwa hesabu ya haraka: kilomita moja, upana mita 9, unene mm 150, ni mita za ujazo 1,350. Kwa uzito wa tani 1.9 kwa mita ya ujazo ni tani 2,565. Saruji asilimia 3 ni tani 77, karibu mifuko 1,540 ya kilo 50. Yaani mfuko mmoja kwa kila mita za mraba 5.8. Kutoka saruji inapoguswa na maji hadi rola linamaliza, una saa 2. Ndiyo maana kazi hupangwa kwa vipande vifupi, na boza la maji likiharibika katikati ya kipande, kipande hicho hurudiwa.

---

Mkadiriaji

Nijibu la karatasi, maana hapo ndipo wananchi huzungushwa.

Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka sh 18 hadi sh 25 kwa kila lita ya mafuta. Mwaka 2025 serikali ikaweka rehani sh 7 kati ya hizo 25 ili kupata sh bilioni 175 za kulipa wanakandarasi. Elewa kitu kimoja: fedha hizo zinalipa kazi iliyokwisha pimwa na kupewa cheti cha malipo. Hazinunui tabaka jipya. Mwanakandarasi akilipwa deni lake anaweza kurudi, lakini kilomita 13 zilizobaki zinahitaji bajeti yake katika mwaka wa fedha husika. Msipouliza bajeti hiyo, mitambo itarudi miezi mitatu, cheti kingine kikwame, na mrudi pale pale.

Kuhusu riba. Kandarasi zinazofuata FIDIC ya 1999 (kitabu chekundu), yaani masharti ya kimataifa ya kandarasi za ujenzi, zinasema mhandisi atoe cheti ndani ya siku 28, na mwenye mradi alipe ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee hati ya madai. Akichelewa, mwanakandarasi anadai riba inayojumlishwa kila mwezi. Anaweza kusimamisha kazi kwa notisi ya siku 21, na siku 42 zikipita baada ya tarehe ya mwisho ya malipo anaweza hata kuvunja kandarasi kwa notisi. Chukua cheti cha sh milioni 300 kilichokaa miezi 18 kwa asilimia 15 kwa mwaka: riba ni kama sh milioni 75. Hiyo hainunui kokoto hata moja. Ongeza madai ya mitambo iliyokaa bure na walinzi. Kandarasi za ndani zina masharti yake, kwa hiyo omba masharti mahususi ya kandarasi yenu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 139, inaweka kikomo kwamba nyongeza zote zikijumlishwa zisizidi asilimia 25 ya bei ya awali ya kandarasi. Kazi ya kurudia zile kilomita 9 ikiingizwa kama nyongeza inakula nafasi hiyo. Ikizidi, itabidi zabuni mpya, na zabuni mpya ni msimu mwingine wa mvua.

Andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na ikikaa kimya mnapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala. Msiandike "tunaomba taarifa ya barabara". Ombeni haya: namba na tarehe ya cheti cha mwisho cha malipo na kiasi kilicholipwa, kazi iliyopimwa kwa kila kituo cha barabara (0+000, yaani mwanzo, hadi 22+000, kilomita ya 22), kiasi kilichotengwa mwaka huu wa fedha, barua ya kusimamisha kazi, na ripoti ya hali ya tabaka. Kama ripoti hiyo haipo, hiyo nayo ni habari.

---

Mhandisi_Songea

Salaam kutoka Tanzania. Ya maabara na ya mikataba yameelezwa vizuri. Mimi naongeza la maji, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo linaloua barabara zilizosimama kuliko hata saruji.

Tabaka lililoandaliwa kupokea lami hukatwa mgongo, yaani mteremko kutoka katikati kwenda pembeni, wa asilimia 2.5. Kwa upande wa mita 3.5, hiyo ni tofauti ya mm 87 tu kati ya katikati na ukingo. Lami laini inamwaga maji kwa mteremko huo. Changarawe iliyo wazi inahitaji asilimia 4 hadi 6. Kwa hiyo barabara iliyoachwa hivyo ni beseni: tairi zikichonga mifereji miwili, maji hayatoki pembeni tena, yanashuka chini hadi kwenye tuta. Na tuta likilowa, hata tabaka zuri la juu linavunjika.

Mkandarasi anapoondoka, hata kama hajalipwa, kuna kazi ya kufunga ambayo ni nafuu mno ikilinganishwa na kurudia. Mitaro ya pembeni ifunguliwe na mitaro ya kutorosha maji ikatwe kuelekea bondeni, la sivyo mtaro mrefu unageuka korongo. Kilomita 6 za tuta la udongo zipewe mgongo wa asilimia 5 kwa greda na zishindiliwe. Mabomba yasiyo na kuta yapangiwe mawe mdomoni na mkiani, maana maji huanza kula udongo nje ya bomba kabla ya kupita ndani yake. Nondo zipigwe brashi na zipakwe uji mzito wa saruji. Mkandarasi akirudi, nondo yenye kutu nyekundu nyepesi haina neno, lakini inayobanduka magamba isuguliwe na ipimwe kipenyo kabla ya kumwaga zege. Iliyopungua iongezewe nyingine pembeni.

Kisheria, kwa FIDIC hiyo hiyo, utunzaji wa kazi ni wa mkandarasi mpaka cheti cha makabidhiano kitoke. Gharama ndiyo inayogombaniwa.

Kuhusu lami ya muda: safu moja ya kunyunyizia na kokoto za mm 10 inaweza kulinda tabaka kwa miaka kadhaa, na baadaye lami kamili ikaja juu yake. Lakini ile ya kupenyeza peke yake si uso wa kupitisha magari. Mkiruhusu malori juu yake inaisha kwa wiki chache.

---

Mkaazi_wa_Bara

Asanteni sana. La mwisho: fundi mmoja hapa anatumia asidi badala ya fenolifthaleini, anasema ikitoa povu tabaka limeoza. Changarawe yetu ni ya matumbawe, na maji ya kazi yalitoka kisima chenye chumvi kidogo. Kuna athari?

---

Fundi_Maabara

Zipo mbili, na ni vizuri umeuliza.

Asidi hutoa povu ikikutana na kaboneti. Kwenye changarawe ya kawaida povu jingi ni dalili kwamba saruji imeliwa. Lakini matumbawe yenyewe ni kaboneti tupu: yatatoa povu hata kabla hujayatia saruji. Kwa hiyo kipimo hicho kwenu hakisemi chochote. Bakini na fenolifthaleini pamoja na DCP.

Chumvi ni hatari zaidi kwa lami nyembamba. Jua likikausha tabaka, chumvi hupanda na maji hadi juu na kuganda chini ya lami ya kupenyeza, ikaiinua malengelenge na kuigeuza unga. Kadiri uso unavyokaa wazi ndivyo inavyopanda. Kabla ya lami, chukueni sampuli za mm 50 za juu, kila mita 200, zipimwe chumvi maabara, na maji ya kisima vilevile. Kama ipo nyingi, uso ufagiliwe na kukwanguliwa, maji ya kazi yaletwe kutoka kwingine, na lami ya kupenyeza ifunikwe haraka badala ya kuachwa wiki kadhaa ikingoja kokoto. Liandikeni hilo katika ombi lenu kwa mhandisi kabla mitambo haijafika, kwa sababu siku ya kwanza kazini boza litakwenda kwenye kisima kilicho karibu.