Nipande zabibu kwenye shamba la kukodi?

Mpangaji wa Chamwino:
Ndugu zangu, nakodi ekari 3 katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, Tanzania, na kila baada ya mavuno mwenye shamba huniambia kwa mdomo kama nitaendelea au nitaondoka. Nimelima alizeti misimu 4, sasa natamani zabibu. Lakini mzabibu huchukua miaka miwili mitatu kabla ya kuzaa vizuri, na kufikia hapo nitakuwa nimeshalipia miche, nguzo, waya na samadi. Benki niliyoiendea ilidai hati, nami sina hata karatasi ya makubaliano. Je, sheria inaniruhusu kukaa hapo miaka 15 kwa uhakika?

Afisa ardhi mstaafu:
Inaruhusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inamwezesha mwenye hakimiliki ya kimila (haki ya kumiliki ardhi ya kijiji kwa mila na desturi) kukupangisha, ila mkataba wa muda mrefu kama huo unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na miaka au eneo vikiwa vikubwa, ya mkutano mkuu wa kijiji pia. Kikwazo ni kwamba mwenye shamba mwenyewe mara nyingi hana hati ya kimila, kwa sababu kijiji kinapaswa kwanza kuwa na cheti cha ardhi ya kijiji na mipaka isiyogombaniwa. Nimewahi kufunguliwa daftari la ardhi la kijiji nikakuta kurasa mbili tu zilizoandikwa.

Mwana wa mwenye shamba jingine:
Naomba tusikilizwe na sisi. Marehemu baba alimwazima rafiki yake shamba alime uwele, rafiki akapanda miembe 6 mpakani, na wote wawili walipofariki, watoto wa rafiki huyo walituonyesha miembe ile kama ushahidi kwamba shamba ni la baba yao. Kwetu mti wa kudumu ni alama ya umiliki, ndiyo maana tunamruhusu mpangaji kulima alizeti na kumkatalia mzabibu. Ni kweli kwamba mahakama haimpi ardhi mtu aliyeingia kwa ruhusa, hata akipitisha ile miaka 12 ya ukomo wa madai, yaani muda ambao mwenye ardhi anaweza kuidai mahakamani, lakini ruhusa ya mdomo utaithibitishaje wakati mashahidi wamekwishazikwa?

Mpangaji wa Chamwino:
Pole sana, kaka. Sikuwa nimelitazama jambo hili kwa upande wenu. Nitamwomba mzee anayenikodisha tuanze na hati yake yeye. Gharama za kupima nitazibeba mimi, tuzikate kwenye kodi. Mkataba utamke wazi kwamba ardhi ni yake, mizabibu ni yangu, na akiitaka ardhi kabla ya muda atanifidia mizabibu. Mstaafu, fidia hiyo tuiandike kwa kila shina au kwa ekari?

Afisa ardhi mstaafu:
Kwa shina, pamoja na umri wake, na mhesabu upya kila mwaka mbele ya mtendaji wa kijiji.