MJADALA: Maktaba huria ziandike na zisichokifanya, au tuache kudai kazi ya bure?

Mleta mada (Mwanza mjini)

Wakuu, salaam. Hoja hii inatugawa sana sisi tunaotengeneza mifumo midogo huku Kanda ya Ziwa. Unachukua maktaba, yaani msimbo (maelekezo ya kompyuta) ulioandikwa na mwingine ili utumike ndani ya programu, bure kutoka GitHub, tovuti ya kugawana msimbo, unaiingiza kwenye kazi yako. Mwandishi wake anawajibika kukuambia nini kuhusu uwezo wake?

Msimamo wangu: orodha ya inayoyafanya haitoshi. Aandike na isiyoyafanya, na kila kipengele kionyeshe kilianza toleo gani.

Chukueni Moment.js, maktaba ya tarehe ya JavaScript. Mwaka 2020 watunzaji wake walitangaza kwamba hawataiongezea mapya, lakini bado imejaa kwenye mifumo. Kiswahili kimo kwenye lugha inazosapoti. Ukikiwasha unapata Januari, unapata Jumatatu, hata "leo saa". Safi. Ila baada ya hiyo "saa" inaweka tarakimu za saa za kizungu. Sasa mfikirie abiria wa Nansio, kule Ukerewe, anayesoma tangazo la boti kwenye simu. Boti inaondoka saa nane mchana, tangazo linamwonyesha mbili au kumi na nne, kutegemea ulivyopanga. Mbili kwake ni saa mbili, na asubuhi hiyo atakuwa ameshafika bandarini na mizigo yake. Hakuna aliyemdanganya, kilichosapotiwa ni majina ya siku na miezi, basi. Sentensi moja ya onyo ingetosha.

Na msiniambie haiwezekani. SQLite, mfumo mdogo wa kuhifadhi data, wana ukurasa mzima wa mambo ya SQL, lugha ya kuulizia data, ambayo hawana. RIGHT JOIN na FULL JOIN, amri za kuunganisha majedwali, zilikaa humo miaka, zikaingia kwenye toleo 3.39.0 mwaka 2022. Kufuta safu wima ya jedwali kwa DROP COLUMN kulikuja na 3.35.0 mwaka 2021. Kwa anayetengeneza programu ya simu ya mauzo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, hizo namba ni muhimu, maana Android inakuja na SQLite yake ndani. Simu kuukuu, SQLite kuukuu. Bila namba ya toleo, programu inakubali kwenye simu yako na kugoma kwenye ya mteja.

Mchangiaji wa Igoma

Mkuu, umewahi kusoma leseni ya MIT, ile inayotumiwa na maktaba nyingi huria, mpaka mwisho? Unapewa kitu kama kilivyo, bila dhamana yoyote. Mtu anaandika usiku akitoka kazini, halipwi, halafu wewe uliyechukua bure unampelekea masharti. Isitoshe orodha ya isiyoyafanya haina mwisho. Maktaba ya tarehe pia haisongi ugali, aandike?

Halafu mafaili ya lugha kwenye maktaba kama hizo huletwa na watu wa kujitolea. Wewe Mswahili, uliliona tatizo la saa, ulipeleka marekebisho?

Mchangiaji wa Nyegezi

Mimi nafundisha vijana, kwa hiyo naomba nipingane na wote wawili. Nyaraka huchakaa kimyakimya. Msimbo unabadilika leo, maelezo yanabaki ya miaka mitatu iliyopita, na hakuna kengele inayolia. Nyaraka za uongo ni mbaya kuliko kukosa nyaraka. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasome majaribio ya maktaba, yaani msimbo unaokagua kama inafanya inavyotakiwa: jaribio likipitwa na wakati linafeli, watu wanaona.

Mleta mada

Dada wa Nyegezi, majaribio yanaonyesha kinachotokea, hayaonyeshi kilichoahidiwa. Lugha ya programu ya Python, toleo 3.6, ilipotoka mwaka 2016, kamusi zake, zile dict za kuhifadhi vitu kwa majina, zilianza kutunza mpangilio wa vitu ulivyoviingiza. Nyaraka zikasema wazi: hivyo ndivyo ilivyotokea kuundwa, msitegemee. Toleo 3.7 la mwaka 2018 likaugeuza mpangilio huo kuwa ahadi ya lugha yenyewe. Jaribio lako lingefaulu kote kuwili. Tofauti ilikuwa kwenye maandishi tu.

Na watu watategemea tu. Hyrum Wright, mhandisi aliyefanya kazi Google, ana kanuni inayobeba jina lake: watumiaji wakishakuwa wengi, kila tabia inayoonekana itategemewa na mtu, uliiahidi au hukuiahidi. Kwa hiyo asiyeandika mpaka wa ahadi yake anajitafutia lawama mwenyewe.

Mchangiaji wa Buzuruga

Mmesahau Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo. Ule utafutaji wa JNDI, njia ya Java ya kutafuta vitu kwa jina hata kwenye seva ya nje, ulikuwamo tangu 2013, na ulielezwa kwenye nyaraka zake. Ikafika Desemba 2021, dunia nzima ikakesha, kwa sababu maandishi ya mtu baki yakiingia kwenye kumbukumbu za mfumo yangeweza kuufanya uite seva ya nje na kuendesha msimbo wake. Kuandikwa kulisaidia nini? Hatusomi, wakuu. Punguzeni vipengele kwanza.

Mleta mada

Hapo umenibana, nakubali nusu. Nusu nyingine: ulikuwa umewashwa bila mtumiaji kuuomba. Toleo 2.15.0 ndilo lililozima kwa kawaida utafutaji ndani ya ujumbe, na 2.16.0 likauondoa kabisa. Naongeza kwenye madai yangu: kila kipengele kiandikwe kama kimewashwa au kimezimwa tangu mwanzo. Hilo hata mvivu atalisoma likiwekwa juu.

Mchangiaji wa Malimbe

Mimi bado mwanafunzi. Kero yangu ni ndogo: nina toleo la zamani, nyaraka zinazofunguka ni za jipya. Django, maktaba ya Python ya kutengenezea tovuti, wanatunza nyaraka za matoleo yao mengi, hata ya zamani, na unazipakua, unasoma bila bando. Wengine wakiiga hilo tu nimeridhika.

Mchangiaji wa Igoma

Kijana ameomba kwa adabu kuliko mleta mada. Mimi sipingi maandishi, napinga "anawajibika". Sentensi ya onyo unayo? Mtumie mwandishi, aipokee akipenda.

Mleta mada

Na akiikataa kwa kuwa inamchafulia ukurasa?

Mchangiaji wa Igoma

Amekataa, ukurasa ni wake. Leseni inakuruhusu kutengeneza nakala yako. Andika humo hata sentensi mia. Ila ujue kuanzia siku hiyo na wewe ni mtunzaji, na watu wa Nansio watakuletea malalamiko yao.