Kuku wa mashine aliyeiva tayari, au mbichi nichome mwenyewe?

Kibaniko
Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi nina wageni. Nimekwama kati ya kununua kuku walioiva tayari, wale wanaozungushwa kwenye mashine ya supamaketi, au ninunue wabichi nichome nyumbani. Wa mashine bei yao haipishani sana na wabichi, mara nyingine wako chini kabisa. Shemeji ananiambia nitakuwa nimenunua chumvi na maji. Na wakibaki, wanatumikaje bila kugeuka makumbi? Nawasilisha.

Sufuria_Jeusi
Wageni wangapi? Oveni unayo? Friza? Wanakuja mchana au usiku? Umeandika aya nzima na hakuna hata kimoja hapo cha kumsaidia mtu akushauri.

Kisu Butu
Tayari, bila kufikiri mara mbili. Watu wanalinganisha kilo kwa kilo wakati kuku mbichi akichomwa hupoteza robo ya uzito au zaidi. Yule wa mashine umempima akiwa ameshapoteza. Weka na moto, viungo, saa nzima na ushee ya kusubiri, halafu trei iliyogandiwa mafuta unayoikwangua usiku wageni wamelala.

Mama Wawili
Shemeji wako hajakosea sana. Wengi wa hao kuku huchomwa sindano ya maji ya chumvi kabla ya kupanda mashineni, ndiyo maana kidari chao huwa laini hata wakikaa. Soma kibandiko: ukiona maji, chumvi, sukari, fosfeti, ujue. Mimi nina mgonjwa wa presha nyumbani, simpi. Wa kwangu nampaka chumvi kiasi usiku, namwacha friji bila kumfunika, ngozi inakauka. Kesho yake ikiingia oveni inakuwa kavu inayovunjika. Ya dukani, ukishaifungia kwenye kifuko na mvuke wake, ngozi inalegea kama soksi iliyolowa.

Kisu Butu
Ngozi unairudisha, dada. Oveni ya moto mkali, dakika chache tu, kuku akiwa wazi.

Paja Langu
Mimi wa mashine niliachana nao, na sababu ninayo. Tulikuwa na ugeni wa wakwe. Nikapita dukani jioni, kuku wamepangwa chini ya taa, wanang'aa, kibandiko cha muda kwenye kifuko changu kimefutika nusu. Nikamuuliza kijana wa kaunta huyu katoka mashineni saa ngapi, akasema "sasa hivi" bila kugeuka. Kufika nyumbani namshika chini ni vuguvugu tu. Nikasema haya, ni mwendo wa njiani. Tukakaa mezani, baba mkwe ndiye akapewa heshima ya kukata. Alipolivunja paja kwenye kiungo, nyama ya ndani inateleza, inang'ang'ania mfupa, na maji mekundu yakatiririka mpaka kwenye wali. Meza nzima kimya. Mzee akafuta kisu kwa kitambaa, akasema yeye atakula kachumbari. Kesho yake nimerudi na risiti, meneja ananiambia kuku akishatoka mlangoni si wao tena, eti labda nimemgandisha mwenyewe. Tukabishana mpaka foleni nyuma ikaanza kunizomea mimi! Tangu hapo nanunua mbichi, namjua tangu akiwa baridi.

Daftari la Jiko
Pole sana. Ila niseme jambo moja: wekundu karibu na mfupa peke yake si ushahidi kwamba hajaiva. Kuku wa siku hizi huchinjwa wakiwa wachanga, mifupa bado ina vitundu vidogo, rangi ya uboho hupenya ikapaka nyama. Anaweza kuwa ameiva vizuri kabisa na bado ana wekundu. Kinachoamua ni kipimajoto: nyuzi 74 za Selsiasi ndani ya paja, ncha isiguse mfupa.

Paja Langu
Nyama inayoteleza na kung'ang'ania mfupa nayo ni uboho?

Daftari la Jiko
Hiyo hapana. Hiyo nakupa.

Mama Wawili
Nani anaenda kwa wakwe na kipimajoto mfukoni jamani 😂

Sufuria_Jeusi
Tumjibu basi na suala la kiporo, maana aliuliza. Ukimaliza kula, mchambue huku bado ana joto, nyama inaachia mfupa yenyewe. Akishaganda utapigana naye. Usimwingize friji mzima ndani ya kifuko chake, katikati hupoa polepole na hapo ndipo vijidudu hushangilia. Tandaza nyama kwenye chombo kipana kisicho na kina. Asikae mezani zaidi ya saa 2, na kukiwa na joto kali la kupita nyuzi 32, saa 1. Friji siku 3 hadi 4, zaidi ya hapo friza.

Kidari usikipashe moto, ukile kikiwa baridi kwenye mkate au saladi. Kukipasha ndiko kunakoleta ule ukavu na ile harufu ya kiporo, mafuta yake yameshaanza kuharibika kwa hewa. Paja na mgongo ndivyo vya kurudi motoni: tia kwenye mchuzi au wali dakika za mwisho, vikishapata moto wa kutosha epua. Na ile jeli ya kahawia iliyoganda chini ya kifuko msiimwage! Hiyo ni ladha tupu, ila onja kabla ya kuongeza chumvi.

Kisu Butu
Na mifupa sufuriani na kitunguu na tangawizi, moto mdogo saa 2 au 3. Tia siki kijiko, inatoa madini.

Daftari la Jiko
Siki kijiko kimoja haitoi madini ya maana. Supu ikiganda friji ikatikisika, hiyo ni jelatini, imetoka kwenye gegedu na ngozi, si siki.

Kisu Butu
Bibi yangu alikuwa anatia siki.

Daftari la Jiko
Labda alipenda uchachu.

Mgeni Mpya
Samahani kuingilia, hiyo mifupa ikishatoka supu naweza kumpa mbwa?

Mama Wawili
Usithubutu! Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, unamchana koo na utumbo. Na supu yenyewe yenye kitunguu nayo asiionje, kitunguu ni sumu kwa mbwa.

Kibaniko
Nimerudi, samahani, kazi. Wageni kama kumi na kitu, watoto hawahesabiki. Wanakuja usiku. Friza ipo. Oveni ipo ila mlango haufungi vizuri, huwa nauegemeza kiti.

Sufuria_Jeusi
KITI?

Paja Langu
Na hili ndilo umelificha siku nzima.

Kisu Butu
Basi kesi imekwisha, wa mashine. Mwambie wa kaunta akupe wale unaowaona wanashushwa kwa macho yako.

Mama Wawili
Au mbichi wakatwe vipande, wachomwe juu ya makaa. Oveni ya nini?

Daftari la Jiko
Mkuu, mlango unaachia juu au pembeni? Bana kipande cha karatasi ufunge. Kikichomoka bila kukwama, mpira umechoka, unabadilishwa. Ukiachia upande mmoja tu basi ni bawaba. Weka picha.