Eti wanafunzi walimuuzia Ted Turner jina la redio?

Wadau, nimesikia wanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia Marekani, walimuuzia Ted Turner, yule tajiri wa televisheni aliyeanzisha CNN, herufi za jina la redio yao. Kweli, au soga za kijiweni?

— Kweli kabisa mkuu. Ilianza 1946 ikiitwa WMIT, baadaye WTBS. Turner alizitaka herufi hizo kwa televisheni yake ya Atlanta. 1979 akatoa dola 50,000, wao wakanunua transmita mpya na kujiita WMBR. Wapo 88.1 FM.

— Herufi nne tu! Sisi chuoni maiki ilikuwa moja, imezungushiwa selotepu. Mgeni akitaka kujibu unamsogezea kama sinia la pilau.

— Haha! WMBR ndiyo nini sasa?

— W na M ni Walker Memorial, jengo lao. B ni besimenti, ndiko studio ilikokuwa, na R ni redio.