Gumzo la familia: masta ya breki

20:06 Mwanaisha: Assalaam aleikum. Jamani Ijumaa ni hitima ya Bi Zena Msambweni na Nyanya yuasema hapandi gari nyingine ila Peugeot. Salim ameifungua masta ya breki leo, ile silinda inayosukuma oili ukikanyaga breki, pistoni imeshika ndani haitoki. Nataka jibu usiku huu, mchango ni mia tano kila mtu, na nani ataandamana na Salim kesho

20:31 Mwanaisha: Mwasoma na mwapita. Tiki naziona

20:33 Salim: Waaleikum salaam. Gari imesimama sana na oili ya breki haikubadilishwa, ile oili yafyonza unyevu wa hewani na hapa kwetu baharini ndio zaidi, basi silinda imeshika kutu. Nimetoa saklipu, ile pete inayozuia pistoni mdomoni, pistoni ya kwanza ikaja, ya pili iliyo ndani kabisa ndio imegoma

20:34 Faki: imegoma kama matatu siku ya msako 😂😂

20:34 Mishi: 😂😂😂 Faki wewe

20:35 Faki: si moja imetoka, rudisha hiyo moja twende

20:37 Mwanaisha: Faki hapa si pa mzaha. Ziko mbili ili upande mmoja ukivuja wa pili ukusimamishe. Salim ile skrubu ndogo ya ubavuni umeitoa? Marehemu Baba alikuwa akianza na hiyo, ikiwa bado imo hata ugonge mpaka alfajiri pistoni ya pili haiji

20:41 Salim: Nimeitoa da Mwanaisha. Mafuta ya kulegeza kutu nimetia tangu asubuhi. Kesho nataka nikapige upepo kwa yule kijana wa pancha Mwembe Tayari

20:52 Swaleh: Salim usithubutu, upepo ule ukiachilia ghafla pistoni yaruka ikutoe meno. Tafuta pampu ya grisi, ifunge kwenye tundu la bomba la upande uliokwama, ziba tundu la tangi la oili la upande huohuo kisha pampu polepole, grisi haibonyei kama hewa kwa hivyo pistoni yasukumwa kidogo kidogo mpaka itoke. Baadaye osha grisi yote na spiriti isibaki hata chembe, mafuta ya grisi yafurisha raba za breki. Ukikosa kabisa ndio upepo, presha ndogo, na mdomo wa masta uuelekeze kwenye mbao yenye tambara nzito

20:55 Mwanaisha: Ahsante Swaleh. Ila gari hii ingekuwa yaenda kila wiki ingeshika kutu? Nani aliiacha kwa yule mtu wa Ukunda ikarudi haina hata jeki

20:56 Swaleh: Mwanaisha hayo tuliyamaliza mbele ya Ami

20:56 Mwanaisha: Uliyamaliza wewe

20:58 Faki: 🍿

21:20 Ami Athman: Mwanaisha na Swaleh nyamazeni. Salim, pistoni ikitoka usitie raba mpya kabla hujaifuta silinda na kuipitisha ukucha ndani, pale raba zinapopita. Ukucha ukikwama kwenye shimo masta hiyo itupwe, msasa hauondoi shimo. Mamangu hashuki mteremko wa feri Likoni na breki ya kubahatisha. Asiposhuka na gari nzima, hitima ataisoma nyumbani, na mimi nitakaa naye

21:22 Salim: Sawa Ami

21:22 Swaleh: Sawa Ami

21:30 Mwanaisha: Tumesikia Ami. Lakini Nyanya ashatoa buibui lake jipya kabatini

21:47 Mwanaisha: Faki kesho upite kwa wauza spea uulize masta nzima ya Peugeot 504, utume picha kabla ya kulipa. Na mkebe wa oili ya breki, DOT 4, uliofungwa, usichukue uliofunguliwa

21:49 Faki: kesho niko zamu bandarini mpaka saa kumi. nitajaribu

21:50 Mwanaisha: Kujaribu ni ndio au la?

22:13 Mishi: mia tano natuma mwisho wa mwezi inshallah. na pilau nani apika?

22:15 Mwanaisha: Mishi pilau baadaye. Salim pampu ya grisi umepata?

22:40 Salim: Aliye nayo yuko Changamwe, simu haishiki. Nitampigia tena baada ya Alfajiri